Je, akili ya binadamu inaweza kujua chochote kuhusu dhati ya Mungu?

Swali: Nimelelewa na baba Mwislamu na mama Mkristo. Upande mmoja nimefundishwa kwamba hakuna chochote mfano wa Mwenyezi Mungu. Upande wa pili nimefundishwa kwamba Mungu ni Baba na kwamba Mungu ni upendo. Kadiri ninavyozidi kufikiri, naona kwamba akili yangu ina mipaka, na Mungu, kama yupo, hana mipaka. Je, si kweli basi kwamba hakuna anayeweza kujua lolote kuhusu jinsi Mungu alivyo, na kwamba yote tusemayo juu yake ni kubahatisha? Na kama ni hivyo, mtu anaposali anazungumza na nani?

Jibu: Ndugu msomaji, umesema "kama yupo", na suala la kuwapo kwake nitaliacha hapo hapo ulipoliweka, kwa kuwa hukuniuliza hilo. Kuhusu uliloniuliza, jibu langu ni kwamba binadamu anaweza kujua mambo ya kweli kuhusu Mungu, lakini hawezi kuijua dhati yake (kile alicho hasa yeye mwenyewe) kwa namna anavyoijua pembetatu, yaani kwa kuifafanua hadi kisibaki kitu nje ya ufafanuzi wake. Jibu hilo si jipya. Ukiwaacha wachache, ndilo walilolishikilia wanazuoni wakubwa wa Kiyahudi, wa Kikristo na wa Kiislamu kwa zaidi ya miaka elfu moja. Walichobishania, tena kwa ukali, ni mahali hasa unapopita mpaka kati ya kinachojulikana na kisichojulikana. Nitakupitisha katika mabishano hayo, maana swali lako limo ndani yake, na sitakuficha upande ninaouegemea.

Nianze na hoja yako yenyewe, kwamba akili yenye mipaka haiwezi kujua lolote kuhusu kisicho na mipaka. Hoja hii inapendwa sana, na nadhani inapendwa kwa sababu inasikika kama unyenyekevu. Hata hivyo haisimami. Yapata miaka 300 kabla ya Kristo, Euclid alithibitisha kwamba namba tasa hazina mwisho. Hakuna aliyewahi kuziorodhesha zote, wala hatatokea wa kuziorodhesha, lakini mwanafunzi wa sekondari anaweza kuufuata uthibitisho ule na akajua, bila shaka yoyote, jambo la kweli kuhusu kundi lisilo na ukomo. Mipaka ya akili inatuzuia kukimaliza kisicho na mipaka. Haituzuii kujua jambo lolote kukihusu. Sisemi kwamba Mungu ni kama namba. Nasema tu kwamba anayetoka kwenye "hatuwezi kujua yote" na kufikia "hatuwezi kujua lolote" anahitaji hoja nyingine katikati, na hoja hiyo hujaitoa. Isitoshe, anayesema kwamba Mungu amepita kabisa upeo wa akili tayari amedai kujua jambo moja kubwa sana juu yake, na ana wajibu wa kutueleza amelijuaje.

Dai la upande wa pili, kwamba tunamjua Mungu kikamilifu, nalo limewahi kupata watetezi, ingawa si wengi. Aliye maarufu zaidi ni Eunomius, askofu wa Cyzicus katika Asia Ndogo, aliyeishi karne ya 4. Yeye alishikilia kwamba dhati ya Mungu ni kule kutozaliwa kwake, yaani kutokuwa na chanzo, na kwamba aliyelielewa neno hilo ameielewa dhati yenyewe. Inasimuliwa hata kwamba alisema Mungu haijui dhati yake zaidi ya tunavyoijua sisi. Lakini maneno hayo tumeyapata kwa watu wasiompenda, kwa hiyo tuyapokee kwa tahadhari. Basil wa Kaisaria alimwuliza kama ameshaijua dhati ya ardhi anayoikanyaga kabla ya kudai kuijua dhati ya aliyeiumba. Ndugu yake Basil, Gregory wa Nyssa, aliendeleza jibu hilo katika maandishi marefu, na John Chrysostom alihubiri juu ya kutofahamika kwa Mungu huko Antiokia kuanzia mwaka 386. Watu hawa hawakuwa na mashaka ya imani. Walikuwa viongozi wa Kanisa, na ndio waliosisitiza kwamba dhati ya Mungu haifikiwi na akili. Mwaka 1215 Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Nne wa Laterano ulilitamka jambo hilo kwa maneno ya kisheria: kwamba haiwezi kutajwa hali yoyote ya kufanana kati ya Muumba na kiumbe bila kuwapo kutofautiana kulikozidi kufanana huko. Kwa hiyo usidhani kwamba "hakuna chochote mfano wake" ni mafundisho ya upande wa baba yako peke yake.

Mtu aliyelisukuma wazo hili mbali kuliko wote ni Musa bin Maimun, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Maimonides. Alizaliwa Cordoba, Andalusia, mwaka 1138, akawa mwanasheria mkuu wa Wayahudi wa Misri na tabibu katika jumba la mtawala, na alifariki huko Misri mwaka 1204. Kitabu chake kikubwa cha falsafa, alichokiandika kwa Kiarabu kwa ajili ya mwanafunzi wake, kinafundisha kwamba kila sifa tunayompa Mungu kwa kauli ya kuthibitisha ni hatari. Tukisema Mungu ana ujuzi, tumeweka vitu viwili, Mungu na ujuzi wake, ilhali Mungu ni mmoja asiye na mchanganyiko. Suluhisho lake lilikuwa kwamba sifa za Mungu zisomwe kwa njia mbili tu. Ama zinaeleza matendo yake, kama vile kumwita mwenye huruma kwa sababu yatokayo kwake yanafanana na yale ambayo sisi huyatenda kwa huruma. Au zinakanusha upungufu, kama vile kusema "Mungu anajua" na kukusudia kwamba yeye si mjinga, au "Mungu yu hai" na kukusudia kwamba si maiti wala si jiwe.

Ili kuonyesha kwamba kukanusha kunaweza kuleta ujuzi, Maimonides alitoa mfano wa merikebu. Mtu mmoja amesikia kwamba kuna kitu kinachoitwa merikebu, lakini hajui ni kitu gani. Mwingine akatambua kwamba si madini. Mwingine kwamba si mnyama. Mwingine kwamba si mmea ulioshikamana na ardhi. Mwingine kwamba si ubao mmoja bapa kama mlango. Mwingine kwamba si duara. Aliyekanusha mara nyingi zaidi, anasema Maimonides, amekaribia kuijua merikebu ingawa hakuna aliyemwambia ilivyo. Mfano ni mzuri, na nakiri kwamba nilipousoma mara ya kwanza ulinishawishi. Lakini hebu uuchunguze. Kukanusha kunafanya kazi pale kwa sababu merikebu imo ndani ya orodha ya vitu vya ulimwengu, na kila unapofuta jina moja, yaliyobaki yanapungua. Mungu, kwa mafundisho ya Maimonides mwenyewe, hayumo katika orodha yoyote, wala si wa aina moja na kitu kingine chochote. Ukishafuta kila kitu kilichomo ulimwenguni hujamkaribia kwa hatua hata moja. Umebaki na karatasi tupu, na karatasi tupu hiyo hiyo ndiyo angebaki nayo mtu anayesema kwamba hakuna Mungu.

Kuna udhaifu mwingine, na huu ndio uliomsumbua Thomas Aquinas, mtawa Mdominiko aliyezaliwa yapata mwaka 1225. Aquinas alimsoma Maimonides katika tafsiri ya Kilatini na akamheshimu, akimwita Rabi Musa. Naye alianza pale pale, kwani aliandika kwamba hatuwezi kujua Mungu ni nini, bali ni nini asicho. Lakini aliuliza swali ambalo mimi naliona kuwa ndilo la msingi. Kama "Mungu ni mwema" maana yake ni kwamba tu Mungu ndiye chanzo cha wema ulioko, kwa nini tusiseme vilevile kwamba Mungu ni mwili, kwa kuwa ndiye chanzo cha miili? Na kama maana yake ni kukanusha tu, kwa nini tunachagua kukanusha ubaya badala ya kukanusha kitu kingine chochote? Pana sababu inayotufanya tukubali neno moja na kulikataa jingine, na sababu hiyo haiwezi kuwa ukanushaji mtupu. Halafu anaongeza jambo la kawaida kabisa: watu wanaposema Mungu yu hai hawakusudii kwamba yeye ni chanzo cha uhai wetu tu, wala kwamba anatofautiana na mawe tu. Wanakusudia kusema jambo juu yake yeye mwenyewe.

Jibu la Aquinas linategemea kutenganisha mambo mawili ambayo kwa kawaida huja pamoja: kile ambacho neno linakitaja, na namna ambayo sisi tumekizoea kitu hicho. Chukua tendo la kujua. Kujua kwetu huanza na kutojua. Hupitia macho na masikio. Huja kidogo kidogo. Hukosea na husahaulika. Je, mambo hayo ndiyo maana ya kujua? Hapana, hayo ni masharti ya kiumbe anayejua akiwa na mwili na akiishi ndani ya muda. Maana yenyewe ya kujua ni kwamba jambo lililopo haliko sirini kwa anayejua. Ukiyaondoa masharti yale, maana haifi, ingawa huwezi tena kujenga picha ya namna kujua huko kunavyokuwa. Kwa hiyo neno ni la kweli kwa Mungu, pengine ni la kweli kwake zaidi kuliko kwetu, lakini namna ambavyo ni la kweli kwake imefichika. Neno halitumiki kwa maana ile ile kabisa, kwa sababu hapo tungemfanya Mungu kuwa binadamu mkubwa. Wala halitumiki kwa maana tofauti kabisa, kwa sababu hapo tungekuwa tunatoa sauti tu. Wapo waliomwona Aquinas kuwa ameacha ukungu mwingi katikati. Duns Scotus, aliyefariki mwaka 1308, alisisitiza kwamba lazima liwepo angalau wazo moja lenye maana moja kwa Mungu na kwa kiumbe, la sivyo hakuna hoja yoyote juu ya Mungu itakayoweza kufikia hitimisho. Nadhani Scotus alikuwa na haki kudai zaidi, lakini tofauti yao ni ndogo kuliko wafuasi wao wanavyoifanya.

Utasikia pia kwamba Aquinas aliacha kuandika Desemba 1273, miezi michache kabla ya kufa, akisema kwamba yote aliyoyaandika ni kama mabua yakilinganishwa na aliyoyaona. Masimulizi hayo ni ya zamani, na watu huyatumia kuthibitisha kwamba mwishoni aliikana kazi yake. Sioni hivyo. Aliyesema tangu kurasa za mwanzo kwamba dhati ya Mungu haijulikani hakuwa na cha kukana.

Upande wa Uislamu mjadala huu ulikuwa na mizizi yake, na haukusubiri falsafa ya Kiyunani ili uanze. Qur'ani yenyewe imeyaweka mambo mawili ndani ya aya moja, katika sura ya 42, aya ya 11: hakuna chochote mfano wake, naye ni mwenye kusikia, mwenye kuona. Nusu ya kwanza inakanusha, nusu ya pili inathibitisha, na hakuna nusu iliyoombwa kuisubiri nyingine. Imepokewa kwamba mtu mmoja alimwendea Imam Malik bin Anas, aliyefariki Madina mwaka 795, akamwuliza juu ya aya isemayo kwamba Mwingi wa Rehema ametawala juu ya Arshi, yaani kiti chake cha enzi: ametawala vipi? Malik aliinamisha kichwa hadi jasho likamtoka, kisha akajibu kwa maneno ambayo yamepokewa kwa matamshi yanayotofautiana kidogo, lakini maana yake ni moja: kutawala kwenyewe kunajulikana, namna yake haifahamiki, kuamini kutawala huko ni wajibu, na kuuliza juu ya namna yake ni bidaa, yaani uzushi katika dini. Akaamuru mwulizaji atolewe nje. Ukilinganisha kauli hiyo na mafundisho ya Aquinas, utaona kwamba Malik aliutambua mpaka ule ule, karibu miaka 500 kabla, kati ya jambo linalotajwa na namna ya kuwa kwake. Tofauti ni kwamba Malik aliuweka kama amri ya adabu, na Aquinas aliutafutia maelezo.

Kundi la Mu'tazila, lililopata nguvu mjini Baghdad katika karne ya 9, lilikwenda njia inayokaribiana na ile ambayo Maimonides angeifuata baadaye. Walisema kwamba sifa za Mungu si vitu vilivyoongezwa juu ya dhati. Ujuzi wake ni dhati yake. Na kwa kuwa hawakutaka kitu chochote kiwe cha milele pamoja na Mungu, walisema Qur'ani imeumbwa. Mwaka 833 Khalifa al-Ma'mun aliamuru makadhi na wanazuoni wahojiwe juu ya suala hilo, na Ahmad bin Hanbal akafungwa na baadaye kuchapwa kwa kukataa kukubali. Ninalitaja tukio hilo ili ujue kwamba swali unaloliuliza kwa utulivu limewahi kuwafikisha watu gerezani. Baadaye Abul-Hasan al-Ash'ari, aliyewahi kuwa Mu'tazila mwenyewe kabla ya kuachana nao, alitafuta njia ya katikati: sifa ni za kweli na zimesimama katika dhati, lakini haisemwi kwamba ndizo Yeye, wala haisemwi kwamba ni kitu kingine kisicho Yeye. Maneno hayo yanaweza kukukera kwa jinsi yanavyoonekana kukwepa. Mimi nayaona kama ukiri kwamba maneno "ni yeye" na "si yeye" yametengenezwa kwa vitu vinavyoweza kugawanyika, na kwamba hapa hayakai sawasawa.

Kama ulisoma tauhidi katika madrasa ya Kishafii ya pwani yetu, matunda ya mjadala huo ulishayakariri ukiwa mtoto. Sifa ishirini ambazo ni wajibu kwa Mwenyezi Mungu zimepangwa hivi: ya kwanza ni kuwapo, kisha zinafuata tano za kukanusha, yaani kutokuwa na mwanzo, kutokuwa na mwisho, kutofanana na viumbe, kutohitaji wa kumsimamisha, na kutokuwa na wa pili, kisha zinakuja saba za kuthibitisha, ambazo ni uwezo, utashi, ujuzi, uhai, kusikia, kuona na kusema, na saba za mwisho zinataja kuwa kwake mwenye hizo saba. Watoto wengi hukariri orodha hii bila kuambiwa kwamba ina mpango, na ni jambo la kusikitisha, maana mpango wake ndio jibu la swali lako. Aliyeupanga alikuwa na hakika kwamba sifa tano zinatwambia Mungu asivyo, kwamba saba zinatwambia jambo la kuthibitisha, na kwamba aina hizi mbili hazipaswi kuchanganywa.

Pwani yetu pia imekuwa na mjadala wake ulio hai kuhusu mpaka huu, kwa sababu watawala wa Zanzibar wa ukoo wa Busaidi walikuwa Maibadhi, watu wa madhehebu ya Kiislamu yenye nguvu huko Oman, ilhali raia wao wengi Waislamu walikuwa Mashafii. Mashafii, kwa kufuata itikadi ya Ash'ari, hufundisha kwamba waumini watamwona Mungu Akhera, bila upande, bila umbali na bila umbo. Maibadhi hukataa: kinachoonwa kina mipaka na mahali, na Mungu hana, hivyo aya ya sura ya 75 inayozungumzia nyuso zitakazomwelekea Mola wao huifasiri kuwa ni kungojea rehema zake. Sheikh Ahmed bin Hamad al-Khalili, ambaye amekuwa Mufti Mkuu wa Oman tangu 1975 na ambaye alizaliwa Zanzibar mwaka 1942, ameuandikia msimamo huo utetezi mrefu. Kwa swali letu, kilicho muhimu ni kwamba pande zote mbili zinakubaliana kuhusu dunia hii, na zote zinasoma kisa cha Nabii Musa aliyeomba kumwona Mola wake akaambiwa hatamwona. Kisa hicho kimo pia katika Kutoka sura ya 33, kwa hiyo hata Biblia ya mama yako inakubali. Mashafii na Maibadhi wanabishania kama kizuizi ni cha sasa tu kwa sababu ya udhaifu wetu, au ni cha milele kwa sababu ya jinsi Mungu alivyo. Katika hili hoja ya Kiibadhi ina uthabiti mkubwa kuliko wapinzani wake wanavyoipa, kwa sababu kuona bila upande wala umbali kunahitaji kuelezwa ni kuona kwa namna gani. Na anayejibu kwamba namna yake haijulikani amerudi kwa Malik.

Sasa nikuletee pingamizi gumu kuliko yote niyajuayo. Limo katika mazungumzo ya kifalsafa ya Mskoti David Hume, yaliyochapishwa mwaka 1779, miaka mitatu baada ya kifo chake. Mmoja wa wazungumzaji anawauliza watu wa dini: ninyi mnaosema Mungu hafahamiki kabisa, mnatofautiana vipi na mwenye shaka anayesema kwamba chanzo cha vitu vyote hakijulikani? Hili si swali la kejeli, na wahubiri wengi hawana jibu lake. Ukisema Mungu ana upendo lakini upendo wake haufanani na wetu kwa lolote, na ukawa tayari kusema maneno hayo hayo hata kama mambo yangekuwa kinyume kabisa, basi hujasema kitu. Kipimo ninachokitumia mimi ni hiki: usemi juu ya Mungu una maana ikiwa kuna jambo unalolikataza. "Mungu anajua yote" unakataza kwamba anaweza kudanganywa, au kwamba dhuluma iliyotendwa bila shahidi imepotea. "Mungu ni mmoja" unakataza kwamba mvua ina bwana wake na kifo kina bwana wake mwingine. Semi hizo zinatoa ujuzi, hata kama hazina picha. Lakini mengi yanayosemwa misikitini na makanisani hayapiti kipimo hiki, na afadhali tuyaite mashairi ya sifa kuliko kuyaita elimu.

Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant, mwaka 1781, alikwenda mbali zaidi ya Hume akidai kwamba hata wazo la chanzo na matokeo ni kanuni ya akili yetu ya kupangia mambo tunayoyapitia, na kwamba ukilitumia nje ya hayo halishiki kitu. Sitaingia huko kwa urefu. Inatosha kusema kwamba hoja yake inawabana wanaotaka kumfikia Mungu kwa akili peke yake, na kwamba Kanisa Katoliki lilimjibu yeye na wengine mwaka 1870, katika Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano, kwa kutamka kwamba Mungu anaweza kujulikana kwa hakika, kwa mwanga wa akili, kupitia viumbe.

Wapo watakaokwambia uache mambo ya akili na ushike ufunuo tu: Mungu hajulikani mpaka ajijulishe mwenyewe. Karl Barth, mwanateolojia wa Uswisi, alilisema hilo kwa nguvu kiasi kwamba mwaka 1934 alimjibu mwenzake Emil Brunner kwa kijitabu ambacho jina lake lilikuwa neno moja tu, "Hapana!" Namheshimu Barth, lakini ushauri huo hauondoi tatizo, unalihamisha tu. Ufunuo unapokuja unatumia maneno ya watu: baba, mfalme, mkono, Arshi, rehema. Msomaji atalazimika kujua ni kwa kiasi gani maneno hayo ni ya kweli, na hapo atakutana tena na Maimonides, Malik na Aquinas wakimsubiri.

Ungeweza pia kuuliza kama mjadala huu wote ni wa Mashariki ya Kati na Ulaya, usio na uhusiano na wazee wetu. Mkenya John Mbiti, aliyekuwa padri wa Kianglikana na mhadhiri wa Makerere, alikusanya katika miaka ya 1960 habari za imani kuhusu Mungu kutoka karibu makabila 300 ya Afrika, na akakuta humo sifa za kujua yote, kuweza yote na kuwapo kote. Okot p'Bitek wa Uganda alimpinga waziwazi, akisema kwamba wasomi wa aina hiyo wanaivika miungu ya Afrika kanzu za Kiyunani. Nadhani p'Bitek aligusa jambo la kweli, kwani orodha ya Mbiti inafanana mno na vitabu vya seminari. Lakini angalia kile ambacho watu wenyewe husema. Wamaasai humtaja Engai Narok, mweusi, mwenye neema na mvua, na Engai Nanyokie, mwekundu, mwenye hasira na ukame. Hilo si fundisho juu ya dhati. Ni maelezo ya jinsi Mungu anavyowajia watu, na liko karibu na lile la Maimonides kwamba sifa za huruma na ghadhabu ni majina ya matendo. Wamaasai hawakumhitaji Maimonides ili kulijua hilo.

Turudi kwenye sentensi mbili ulizofundishwa nyumbani. "Hakuna chochote mfano wake" na "Mungu ni upendo" hazigongani mpaka mtu aifanye ya pili kuwa maelezo ya namna. Ikiwa upendo wa Mungu unamaanisha kwamba viumbe vinapata mema kutoka kwake bila yeye kuhitaji malipo, Mwislamu anayesoma jina la ar-Rahman hana sababu ya kulikataa. Ikiwa unamaanisha kwamba Mungu anaguswa na hisia zinazopanda na kushuka, Aquinas atalikataa sawa na sheikh wako. Sidai kwamba tofauti zote za dini hizi mbili zinayeyuka. Kuhusu Utatu na kuhusu Yesu zinabaki, nazo ni tofauti za kweli. Ila haziko mahali ulipoziweka.

Na mtu anaposali anazungumza na nani? Hapa umedhani kwamba ili kumlenga mtu kwa maneno yako lazima kwanza uijue dhati yake. Watu walichimba dhahabu, wakaipima, wakaiiba na kuipigania kwa maelfu ya miaka kabla ya karne ya 20, ilipojulikana kwamba kinachoifanya iwe dhahabu ni protoni 79 katika kiini cha atomu yake. Muda wote huo neno "dhahabu" lilikuwa likitaja dhahabu ile ile tunayoitaja leo, kwa sababu lilishikamana na kitu chenyewe, si na ufafanuzi wake. Vivyo hivyo, anayesema "Wewe uliyeniumba" analenga kwa tendo, na tendo hilo, kama lilitendeka, lina mtendaji mmoja tu. Akiwa na picha mbaya ya mtendaji huyo, bado sala inamwendea huyo huyo. Kilichoharibika ni picha. Kama hakuna aliyeumba, basi sala haina wa kumwendea, lakini hilo linategemea kuwapo kwa Mungu, jambo ambalo tuliliacha kando, na halitegemei kiasi cha dhati yake tunachokijua.